Nyembamba Inaingia

"Usimwonyeshe," kaka alisema. "Hata kwa kukohoa."

Dada yake aliitikia kwa kichwa, mikono ameifumbata. Mbele yao, kwenye korido ya kuendea vyumbani, fundi alikuwa amepiga magoti akipanga vifaa vyake sakafuni: bisibisi, koleo, tepu, na transfoma tatu kuukuu, ndogo, ya kati na kubwa. Taa tano za volti kumi na mbili zilikuwa zimeshafungwa ukutani. Kilichobaki ni kuzipa umeme.

Makubaliano yalikuwa mepesi kuyasema. Fundi akiunganisha sawasawa, anabaki. Akikosea, anaondoka, na ni leo hii hii.

"Aende wapi na umri ule?" dada alikuwa ameuliza asubuhi, jikoni.

"Nimeshapata pa kumpeleka. Au unataka tungoje mpaka tuzike mtu?"

Wiki iliyopita fundi aliifungua taa ya mezani, taa nzima isiyo na tatizo lolote, akairudishia anavyojua mwenyewe, na mtoto wa kaka alipoigusa akapigwa shoti. Aliponea chupuchupu. Mkono wake ulikuwa bado na bandeji, na kaka alipouona tu, uso ulimsinyaa. Roho mbaya hakuwa nayo. Alikuwa ameogopa, basi. Ndiyo maana swichi kuu ilikuwa imezimwa, naye amesimama chini yake kama askari wa lindo.

"Bibie," fundi aliita bila kugeuka, "taa zako ni za wati ngapi?"

"Kumi kumi, fundi." Alishazoea kumwita hivyo. Ukimwita vingine hageuki.

"Tano kwa kumi, hamsini." Fundi aliigusa transfoma ndogo, akaisukuma pembeni. "Hii ya arobaini tukiibebesha hamsini itachemka mpaka ijifie. Na hii ya mia mbili, sasa hii si ni kumpikia mtu mmoja kwa sufuria la shughuli?" Akacheka peke yake. "Tuchukue ya sitini. Mzigo inauweza, na pumzi inabaki."

Dada alimtupia kaka jicho: umeona? Mabega ya kaka yalishuka kidogo.

"Na tutaifunga hapa hapa, karibu na taa," fundi aliendelea huku akikaza skrubu. "Umeme huu mdogo hauwezi safari. Ukiuvutia waya mrefu, taa ya mwisho inasinzia. Mke wangu ndiye aliyenigundulia hilo, kwa kulalamika. Akija kuniulizia, mwambieni namalizia. Hapendi nichelewe chakula."

"Tutamwambia," dada alisema. Kaka aliangalia dari.

Sasa ilibaki kazi yenyewe. Kwenye transfoma ile, maandishi ya kuonyesha waya za kuingizia umeme na za kutolea yalikwisha kufutika zamani. Upande mmoja zilitoka waya mbili nyembamba, upande wa pili mbili nene, na hapo ndipo wengi hupotea. Ukizigeuza, kile kitu cha kupunguza umeme kinauzidisha, na atakayegusa taa hatasimulia.

"Nyembamba inaingia, nene inatoka," fundi aliimba kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto. Midomo ya kaka ikacheza pamoja naye, neno kwa neno, bila mwenyewe kujua.

Fundi akazishika zile nyembamba, akaziunganisha na waya wa ukutani. Akazishika zile nene, akaziunganisha na taa. Sawa kabisa. Dada alijikaza asipige vigelegele. Kichwani alikuwa ameshaanza kupanga atapika nini jioni, na kaka atamwomba radhi vipi.

Kisha fundi akasita. Aliziangalia zile nene, akauangalia ukuta, akaziangalia tena.

"Hapana," alisema. "Umeme mkubwa unataka waya mkubwa. Hata mtoto analijua hilo."

Akaanza kufungua.

Dada alifumbua mdomo. Kaka alimkazia macho, lakini dada hakuweza kujizuia.

"Fundi, ule wimbo wako unasemaje vile?"

"Wimbo gani, bibie?"

Alizifunga zile nene kwenye ukuta. Alizifunga zile nyembamba kwenye taa. Kila ungio alilizungushia tepu kwa unadhifu wa kupendeza, akaisawazisha kwa kidole gumba, akakata ncha. Alikuwa fundi hodari, asikudanganye mtu; mikono ilikuwa bado inakumbuka kila kitu isipokuwa hilo moja. Akainuka kwa kushikilia ukuta, akajipangusa vumbi magotini, akatabasamu.

"Haya, washa, bwana mkubwa."

Kaka hakuwasha. Alichutama, akaitazama kazi ile kwa muda mrefu, akaipitishia mkono ile tepu kana kwamba inauma. Aliposimama, macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Kazi safi sana, fundi," alisema. Kisha akamgeukia dada yake. "Nenda kamfungashie baba nguo zake."

Fundi, aliyekuwa akirudisha bisibisi mfukoni, aliinua kichwa na kuwatazama wote wawili kwa upole.

"Baba yenu anasafiri?" aliuliza.