Ruhusa ya Mwenye Simu

Viola Nasimiyu alikuwa amebakisha simu moja tu, na mwenye simu hiyo alikuwa amefiwa.

Aliliacha gari barabarani Saboti, akapanda kwa miguu, matope yakimganda viatuni. Juma zima alikuwa akienda boma kwa boma, kuanzia Kanduyi hadi Kamukuywa, hadi viunga vya Kitale, akiwaomba watu kitu kimoja: wafungue simu, wabonyeze "Kubali". Sauti ilikuwa imemkauka. Usingizi alikuwa ameusahau.

Kampuni yao ndogo pale Bungoma ilikuwa imetengeneza programu ya kuwasaidia wazazi kupima dawa za watoto. Mzazi aliandika umri na uzito wa mtoto, akaambiwa apime kiasi gani. Ilifanya kazi hata pasipo mtandao, na kila jibu lilibaki ndani ya simu ya mwenyewe. Viola ndiye aliyeandika maneno yake ya Kiswahili. Mahali pa kijiko kidogo, aliandika kijiko kikubwa.

Sasa toleo jipya lilikuwa tayari, kosa limeondolewa. Lakini simu nyingi hazikulichukua bila mwenyewe kukubali, na watu wengi waliuona ule ujumbe wakaupita.

Matthew Kemboi alimpokea mlangoni. Viola akampa sukari na unga, akasema pole. Nyuma ya jiko palikuwa na kaburi dogo, udongo wake bado mbichi. Ndani, Linah, mke wa Kemboi, alikuwa ameketi chini na leso begani. Hakuinua kichwa.

"Natoka kwa ile kampuni ya programu ya dawa," Viola akasema. "Nimesikia habari za Cheptoo."

Kemboi aliitikia kwa kichwa. "Daktari alisema ni dawa iliyozidi, ikaharibu ini. Watu wetu wanasema ni mkono wa mama yake. Ati alimwaga tu bila kupima."

"Nilipima," Linah akasema polepole. "Nilipima vile simu iliniambia. Iko hapo. Angalia, dada."

Kemboi akaleta simu. Viola akaangalia. Ilikuwa hapo kweli: jina la Cheptoo, uzito wake, kijiko kikubwa.

Akaisoma tena, mstari kwa mstari.

"Kuna mtu mwingine ameona hii?" akauliza baadaye.

"Nani ataona? Wazee hawataki kusikia habari ya simu. Ndugu yake Linah atakuja Jumapili. Yeye amesoma, nitamwonyesha."

"Na hakuna aliyeipiga picha?"

"Hapana."

Viola aliigeuza simu mkononi. "Majirani huwa wanaiazima kupimia watoto wao dawa?"

"Wanaazima. Hata leo asubuhi mama Edinah alikuja kuiulizia. Mtoto wake ana homa."

"Basi asipewe kabla hamjaweka toleo jipya. Baba Cheptoo, tafadhali. Bonyeza hapa, 'Kubali'. Haichukui muda."

Kemboi alitazama ile alama, kidole kikiwa juu yake. "Lakini kwa nini inaniuliza mimi? Kama ni ya kusaidia watu, si ingejibadilisha tu yenyewe?"

"Simu ni yako," Viola akajibu. "Kitu kikibadilika ndani yake, ni wewe unafaa kusema ndiyo. Ni kama mlango wa nyumba. Mgeni hawezi kujifungulia, hata akiwa amekuja na mema. Hata mimi siwezi kukubonyezea."

Kemboi alisita. Akamgeukia mkewe, maana tangu mazishi hakuwa ameamua jambo lolote bila yeye.

Linah alikuwa amemtazama mgeni machoni kwa mara ya kwanza.

"Bonyeza," akasema. "Mtoto wa mwenzangu asiende kama wangu."

Kemboi akabonyeza.

Viola hakuondoka. Alisimama pale, macho kwenye kioo, mpaka kile kiduara kilipoacha kuzunguka. Kisha akainama, akaishika mikono ya Linah, na machozi yakamtoka. Linah ndiye aliyembembeleza.

"Mungu akubariki, dada," akamwambia. "Wewe umekuja. Wengine wote wamenikimbia."

Walimsindikiza hadi kwenye ua, wakabaki wamesimama wakimwangalia akiteremka.

Garini, Viola alipangusa uso, akafunga kioo cha dirisha, akampigia Wachira, mkurugenzi wake.

"Amebonyeza mwenyewe," akasema. "Majibu yote ya zamani yamefutika. Mwambie wakili sasa limebaki neno la yule mama tu."