Ufunguo wa Karakana

Asubuhi yake ya kwanza kazini, Mwalyego alifika karakana ya useremala akiwa na furaha tele. Lakini fundi mkuu, Mama Sikujua, alipoita jina lake, Mwalyego alichuchumaa papo hapo, mikono kichwani, kama alivyokuwa akifanya wafungwa walipohesabiwa gerezani kwa miaka tisa. Aibu ikamshika.

“Inuka, baba,” Mama Sikujua akasema huku akicheka. “Mimi nilipotoka nilichuchumaa wiki nzima. Hawa mafundi wote nao vilevile.”

Akamrushia ufunguo. “Kafungue lango, mbao zimefika.”

Mwalyego akaudaka. Miaka tisa alifunguliwa milango na wengine! Akauzungusha ufunguo, kufuli likaachia. Nje lori lilipiga honi. Akalifunga tena kufuli, apate kulifungua mara ya pili.