Bolti ya Bawa

Elphas alikuwa amebuni makombora kwa miaka kumi na minane kabla ya kukabidhiwa kazi ya kubuni ndege yake ya kwanza. Asubuhi hiyo, ofisini Riyadh, maabara ilimletea bolti ya bawa waliyoijaribu, ya aina ile ile iliyofungwa kwenye ndege hiyo. Ilikuwa imekatika kama biskuti. Mahesabu yalikuwa yake.

Akapiga simu Jeddah, kwenye uwanja wa majaribio.

"Msiiruhusu ndege ipae!"

"Bosi, imeshapaa," fundi akajibu. "Kuna nini?"

Ukingo wa bolti ulimkata kiganja, wala hakusikia maumivu. Mlangoni, meneja wake alimtikisia kichwa anyamaze.

"Mwambie rubani asikate kona kali," Elphas akasema kwa sauti. "Arudi polepole. Kosa ni langu."

Akamsikia fundi akimwita rubani redioni. Fundi akaita tena.