Viatu vya Mombasa

Kiatu kiligoma kuingia. Kimeu alipiga goti kwenye sakafu ya chumba chao cha Makongeni, akaushika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, akajaribu tena taratibu. Vidole viliingia, kisigino kikabaki nje.

Viatu hivyo vyeusi alimnunulia mkewe mwaka ule kitindamimba wao alipoanza shule, avivae wakienda kutembea Mombasa. Lakini kila likizo ilipofika, Kimeu aliiuza kwa kampuni. Alibaki kiwandani, na malipo yake yakaenda kwenye mabati ya nyumba ya uzeeni kule Machakos.

"Tutatembea nikistaafu," alimwambia kila mara. "Mwezi mzima. Tukipenda, miwili."

Naye mkewe alivipaka viatu polishi kila Krismasi, akavirudisha ndani ya boksi lake.

Ijumaa Kimeu alistaafu. Sasa tiketi za treni ya jioni zilikuwa mfukoni mwake.

"Ni hili joto," mkewe alisema. "Uvimbe utapungua tukifika."

Kimeu aliubonyeza mguu kwa kidole gumba, juu ya kifundo, kisha akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga wa chapati. Alingoja lijae. Halikujaa.

"Nenda wewe, mzee wangu. Ukirudi utanihadithia."

Kimeu akainuka, akachukua wembe wake wa kunyolea ndevu, akapiga goti tena.

Mkewe akauona. "Lakini hivi bado ni vipya."

"Najua," Kimeu akasema, akakipasua kiatu nyuma, kutoka juu mpaka kwenye soli.