Sikio la Kikombe

Nyumbani Kombo hufungua mdomo kwa shida. Leo, kando ya kijito walikokuja kufua mikeka, maneno yalimtoka kama maji, na yote yakaenda kwa Zulekha, mjane wa nyumba ya jirani. Saumu, mkewe, alisugua mkeka huku masikio yamemsimama.

"Shemeji, yule ndege mdogo wa buluu ni ndege gani?" Zulekha alikuwa ameuliza.

"Mdiria. Hebu mtazame."

Mdiria alichupa majini, akarudi juu ya tete na samaki mdomoni. Akampigiza kwenye tete mpaka samaki akatulia, kisha akamgeuza, kichwa kikaelekea nje.

"Mbona mdiria hamli?"

"Angekuwa wake, kichwa kingeelekea kooni, ili ateleze vizuri. Akimgeuza hivi, ana wa kumlisha."

"Umeyajulia wapi haya?"

"Asubuhi huwa nakuja kukaa hapa."

Brashi ya Saumu ilisimama. Miaka yote hiyo alijua asubuhi mumewe huenda sokoni.

Zulekha hakushangaa. Aliendelea kusuuza mkeka.

Jua lilipopanda, Kombo alifungua chupa ya chai. Kikombe kilikuwa kimoja. Alimimina, akakikamata ubavuni ingawa kilimuunguza vidole, akakigeuza taratibu, sikio likaelekea nje.

Saumu alifuta povu kiganjani, akanyoosha mkono. Ng'ambo ya mkeka, Zulekha naye alikuwa amenyoosha wake.

Kombo alikuwa bado hajainua macho.