Pipa la Mwisho

"Lipasue," nahodha aliamuru.

Pascoe, mpishi wa manowari ile ya mfalme, alilitazama pipa la maji lililobaki. Lilikuwa tupu, kama yote aliyokwisha kuyapasua na kuyachoma. Makaa yalikuwa yameisha, na moto ukizimika, mtambo waliopewa na serikali usingechemsha tena maji ya bahari wala bomba lake kudondosha ya kunywa.

"Bwana nahodha, mvua ikinyesha tutakingia wapi?"

"Mvua ipi, mzee? Umeona wingu tangu tupite ikweta?"

"Acha ubahili, mpishi!" alifoka baharia mmoja, midomo imempasuka hadi damu. "Pipa hilo, si mkeo!"



Pascoe aliuegemea mguu wake wa mti, akaingiza kichwa ndani ya pipa. Lilinukia mti uliolowa, na bado lilikuwa na ubaridi kidogo. Akaupitisha ulimi ubaoni, pakavu.

Akainua shoka. Pete za chuma zilibingirika sakafuni, mbao zikalala chali, naye akazisukumia zote motoni.

Bomba likatoa tone, kisha jingine. Watu wote wakalisongamania na vijiko vyao, wakitukanana.

Pascoe alipanda peke yake sitahani kupunga hewa. Jua lilikuwa limefifia. Kitu kikamdondokea kiganjani, akadhani ni jasho lake, akakilamba.

Hakikuwa na chumvi.

Kingine kikampiga shavuni, kisha mbingu ikafunguka, na nyuma yake nahodha alikuwa anapiga kelele, "Mapipa! Leteni mapipa!"