Kengele za Firenze

"Na hili la mbele yetu ni lipi?" Mzee Hamdun aliuliza, paji la uso likigusa kioo cha gari. Macho yake yalikuwa yameingia giza zamani.

"Kanisa kubwa la Firenze, Baba," Alfayo akajibu. "Lina kuba jekundu. Watalii wamejaa mpaka barabarani."

Alfayo, dereva Mkenya wa mwanawe, siku zote alikuwa na maneno matamu. Leo yalimtoka moja moja, kama mtu anayetema kokwa. Wasiwasi ukamshika Hamdun, akaufukuza. Mtoto akulete Italia kwa daktari wa macho, nawe ukae unamtafutia kasoro? Hiyo ni shukrani ya punda.

Mwanzoni aliikataa safari. Nyumba yake ya Al-Murabba, Riyadh, aliyoijenga ujanani na ambamo mkewe Wahida alikata roho, ilikuwa imepata mnunuzi, na mwanawe Faris hakuwa na wimbo mwingine. Walizozana mpaka mtoto akalainika.

"Twende Italia kwanza, Baba. Ukirudi unaona, utaamua mwenyewe."

Hapo mzee akakubali. Kuiona tena nyumba ile alikutamani kuliko alivyoitamani pepo, Mungu amsamehe.

Waliruka hadi Jeddah, wakalala kwa binti yake, mtaa wa Al-Baghdadiyah, na asubuhi wakapanda ndege nyingine. Faris alimvisha spika za masikioni, Kurani ikamsomea mpaka wakatua. Nje kulikuwa na baridi ya Januari, na Alfayo alishatangulia kuwangoja na gari.

Tangu hapo Faris haonekani ila usiku. Anamfuatilia daktari, anasema. Mzee anatembezwa na Alfayo, lakini kushuka haruhusiwi, baridi isije ikamuua. Makanisa anayasikia tu. Kila wakati wa sala ukikaribia, Alfayo hupandisha vioo, na kengele hulia mpaka masikio yakauma.

"Hawa Wakristo wenzako wana adabu," Hamdun alimtania. "Kengele zao zafuata sala zetu. Adhuhuri haziikosi."

Alfayo hakucheka.

Simu yake ikalia. "Yes, bosi. Niko naye hapa kwa gari... Lakini bosi, nitamwacha aje peke yake? ... Sawa. Naleta funguo."

Gari likakata kona, likakata nyingine, likasimama. Injini aliiacha ikinguruma.

"Baba, nampelekea Faris funguo, narudi sasa hivi. Please, usifungue mlango."

"Hapa ni wapi, mwanangu?"

"Ni kanisa lingine. Wanalikarabati." Akashuka, na nyayo zake zikaondoka mbio.

Kishindo kikaja. Kilipanda kutoka ardhini hadi kwenye magoti ya mzee. Kikaja kingine, kisha kitu kizito kikaporomoka, na harufu ya vumbi la saruji ikapenya ndani ya gari. Hamdun sasa aliogopa hasa, wala hakujua anaogopa nini. Kukarabati gani huku? Akaita jina la Alfayo, akaita la Faris. Aliyeitika hakuwepo.

Vidole vikagonga kioo. Mzee akapapasa mlangoni mpaka akapata kitufe, akateremsha kioo.

"Shikamoo, Ami Hamdun."

Ilikuwa sauti ya Huda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta kule Al-Murabba.

"Mimi nilimwambia Faris, mngoje mzee kwanza, nyumba ni yake. Kanambia umeridhia mwenyewe. Basi afadhali umewahi, Ami. Chumba cha marehemu Wahida ndo kwanza wanaanza kukibomoa."